Kuongea Kiindonesia kwa Kichwa cha Kiswahili: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kibanda cha Wali hadi Ofisi ya Mkuu

Wiki yangu ya kwanza Yogyakarta, Indonesia, niliingia kwenye kibanda cha chakula, wenyewe wanakiita “warung”, nikamtolea mama muuzaji sentensi niliyoikariri kwenye ndege: “Selamat siang. Apakah Anda memiliki ikan? Saya ingin membeli nasi.” Sarufi haikuwa na kosa hata moja. Mama alinitazama, akacheka hadi akashika meza, kisha akamwita binti yake wa jikoni naye aje asikie. Nilikuwa nimeagiza samaki kama msomaji wa taarifa ya habari. Mteja wa kawaida angesema, “Bu, ada ikan? Nasinya satu, ya.” Yaani: mama, samaki yupo? Wali mmoja basi.

Miezi michache baadaye nilikosea upande wa pili. Nilimjibu profesa mmoja “nggak tahu”, yaani sijui, mbele ya darasa, kama ninavyowajibu wenzangu wa bweni. Huyu hakucheka.

Kiindonesia ni lugha rahisi kuianza. Hakina ngeli, kitenzi hakibadiliki kwa nafsi wala kwa wakati, na kinaandikwa kama kinavyotamkwa, karibu chote. Ugumu wake ni kujua unaongea na nani na mko wapi, na jambo hilo Mswahili amelelewa nalo. Ndiyo maana ninakushauri ukitafsiri moja kwa moja kutoka Kiswahili. Vitabu vingi vya kujifunzia vimeandikwa kwa Kiingereza, na vinatumia kurasa nzima kueleza vitu ambavyo sisi tunavyo tangu utotoni.

Lugha zenyewe zina historia zinazofanana. Kimalei kilikuwa lugha ya bandari na biashara visiwani, kama Kiswahili pwani yetu. Tarehe 28 Oktoba 1928 vijana waliokutana Jakarta, wakati huo ikiitwa Batavia, walikula kiapo cha nchi moja, taifa moja na lugha moja ya umoja. Hawakuchagua Kijava, ingawa Wajava ndio wengi kuliko wote. Walichagua Kimalei na kukiita Kiindonesia. Miaka miwili baadaye, mwaka 1930, kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Katiba ya Indonesia ya 1945, ibara ya 36, inakitaja Kiindonesia kuwa lugha ya taifa. Jambo dogo la adabu: usiiite lugha yao “Bahasa” peke yake, maana “bahasa” ni lugha tu. Sema “bahasa Indonesia”.

Hatua ya kwanza: ulimi

Mkazo kwa kawaida unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Irabu a, i, o na u ni zile zile. Herufi c inasomwa “ch”, kwa hiyo “cari” (tafuta) ni “chari”, na sy ni “sh”. Yako mambo manne tu ya kuyafanyia kazi.

La kwanza ni mwisho wa neno. Sisi tunapenda neno liishie kwa irabu. Neno la Kiarabu tulilolifanya karatasi, kwao limebaki “kertas”. Usiseme “makani”, sema “makan”, ufunge mdomo hapo. Fanya zoezi hili kwa wiki nzima ukiwa bafuni: makan, malam, kabar, sabar, tempat, sakit.

La pili ni k ya mwisho. Katika “bapak”, “tidak” na “enak” k haisikiki kama k. Koo linajifunga ghafla, vile vile unavyokata sauti unapomkataza mtoto: “A-a!”

La tatu ni ng, na hapa tuna bahati. Ng yao ni ng' yetu ya ng'ombe: “bunga” (ua) inasomwa “bung'a”. Wakitaka ng ya ngoma wanaandika ngg: “mangga” ni embe, na inasomeka kama unavyodhani.

La nne ni e, na hili litakusumbua. Ziko e mbili na maandishi ya kawaida hayazitofautishi. Katika “enak”, “sore” na “meja” ni e yetu. Katika “besar”, “empat” na “kerja” imefifia hadi karibu haipo. “Besar” inasikika kama “b'sar”. Hakuna kanuni rahisi hapa, sikiliza tu na kuiga.

Jihadhari pia na “tahu”. Ikiwa na maana ya kujua hutamkwa “tau”. H ikisikika ni chakula cha maharage ya soya. Na ukikuta oe kwenye majina ya zamani, kama Soekarno au Soeharto, isome u. Oe iliachwa mwaka 1947, na tahajia ya sasa ilianza kutumika mwaka 1972, lakini wengi hawakuona haja ya kubadili majina yao.

Hatua ya pili: chukua ulivyonavyo

Sifa hufuata nomino: “rumah besar”, nyumba kubwa. Mmiliki naye hufuata: “buku saya”, kitabu changu. “Dia” ni yeye, mwanamume au mwanamke. Kurudia neno kunafanya kazi tunayoijua: “pelan-pelan” ni polepole, “jalan-jalan” ni kutembeatembea.

Kisha njoo kwenye jozi ninazozipenda zaidi. “Sudah” na “belum” ni “-mesha-” na “bado”. “Sudah makan?” Umeshakula? “Belum.” Bado. Na kama kwetu, ukiulizwa umeoa au umeolewa, jibu la mtu ambaye hajafanya hivyo ni “belum”. Ukijibu “tidak” umetangaza kwamba umeamua kuishi hivyo hivyo, na utaulizwa maswali mpaka jioni.

“Bukan” na “tidak” zinawatesa wengi wanaojifunza, lakini kwako ni “si” na “ha-”. “Saya bukan guru”: mimi si mwalimu. “Saya tidak datang”: siji, au sikuja. Nomino inachukua “bukan”, kitenzi na sifa vinachukua “tidak”.

“Ada” ni ile “-po” na “kuna” yetu: “Pak Budi ada?” Mzee Budi yupo? “Ada air?” Maji yapo? Neno “yang” ni “amba-”: “orang yang datang”, mtu aliyekuja. Sentensi ya aina hii nayo ifikirie kwa Kiswahili: “Surat itu sudah saya kirim.” Barua ile nimeshaituma. Kitendwa kimetangulizwa kwa sababu ndicho kinachozungumzwa. Tumia muundo huo bila woga, unasikika vizuri sana ofisini.

Kuomba nako ni kwetu. “Minta” ni “naomba” ya dukani: “Minta air, Bu.” “Mohon” ni naomba ya heshima, ya barua na mikutano. “Tolong” ni nisaidie: “Tolong buka pintu.” Na “silakan” ni lile karibu la kumruhusu mtu afanye jambo: “silakan masuk”, karibu ndani; “silakan duduk”, karibu ukae; “silakan makan”, karibu chakula.

Kitu kimoja hatuna. “Sisi” yao ni mbili: “kita” inamjumuisha unayeongea naye, “kami” inamwacha nje. “Kita makan sekarang” maana yake nawe sogea mezani. “Kami makan sekarang” ni taarifa tu. Wageni wengi wamewanyima watu chakula kwa kosa hilo bila kujua.

Hatua ya tatu: maneno ya ndugu, na ndugu wa uongo

Kiarabu kimetuachia mamia ya maneno ya pamoja: kabar (habari), waktu (wakati), selamat (salama), dunia, hukum, hakim, sabun, musim, daftar, jawab, izin (idhini), umur, miskin, rezeki, sebab, jumlah. Wareno nao walipita kote kuwili, ndiyo maana “bendera” ni bendera na “meja” ni meza. “Sepatu” ni viatu. Bibi yangu aliita sapatu zile za kuvaa ndani. Andika maneno hamsini ya aina hii kwenye daftari siku ya kwanza. Ni mtaji wa bure.

Lakini mitego ipo, na mingine inauma. “Dada” ni kifua. Usimwite mhudumu “dada”, hata kama moyo wako umejaa heshima. “Babu” ni neno la zamani la mtumishi wa ndani na leo ni tusi. “Bibi” ni shangazi au mama mdogo. “Nyonya” ni mke wa mtu, neno la heshima kabisa, usicheke. “Kuku” ni ukucha, na kuku wa kuliwa ni “ayam”. “Tamu” ni mgeni, kwa hiyo “ruang tamu” ni sebule. “Lima” ni tano, “dua” ni mbili, “sana” ni kule, na “hati” ni ini, ambalo ndilo wanalolitumia kwa mambo yote ya moyo. Ukiona “hati-hati” njiani, unaambiwa uwe mwangalifu.

Hatua ya nne: kumwita mtu

Hapa ndipo utakapotumia akili zaidi. Ukikosea kiambishi utasamehewa. Ukikosea kumwita mtu, uso wake utakuambia.

Kiswahili kina “wewe”, na tunaujua ukali wake. Humwambii baba mkwe “wewe”. Kiindonesia kina “kamu”, “kau”, “lu”, “Anda” na “Saudara”, na kwa mtu unayemheshimu hakuna hata moja linalofaa. Badala yake unatumia cheo cha undugu, kana kwamba unamzungumzia mtu wa tatu: “Bapak mau minum apa?” Baba atakunywa nini? “Ibu tinggal di mana?” Mama anaishi wapi? Si kigeni kwetu. Ni vile mhudumu anavyouliza “Mzee atakunywa nini?” na mzee mwenyewe amekaa mbele yake.

“Pak” na “Bu”, vifupi vya Bapak na Ibu, ndivyo salama kuliko vyote. Mwanamume wa umri wa baba yako ni Pak. Afisa, mwalimu au polisi ni Pak hata kama ni mdogo kwako. Jina linalofuata ni lile analojulikana nalo, si la ukoo, maana Waindonesia wengi hawana jina la ukoo na baadhi wana jina moja tu. Rais wa zamani Joko Widodo aliitwa Pak Jokowi na taifa zima.

Kwa vijana, sehemu kubwa ya kisiwa cha Java na miji mingi mingine hutumia “Mas” kwa wa kiume na “Mbak” kwa wa kike: muuza duka, dereva wa pikipiki, mhudumu wa benki. “Kak”, kutoka kakak, ni ndugu mkubwa wa jinsia yoyote. Usilichanganye na kaka wetu, maana msichana naye ni Kak. “Dek” ni mdogo wako. “Bang” utaisikia Jakarta na Sumatra. Ukienda Bali kijana ni “Bli”, kwa Wasunda ni “Kang” na msichana “Teh”, kwa Waminangkabau ni “Uda” na “Uni”. Huna haja ya kuyabeba yote. Ukifika mahali, sikiliza wateja wanamwitaje muuzaji, kisha fanya hivyo hivyo.

“Anda” utaikuta kwenye matangazo, fomu na televisheni. Vitabu vinaifundisha kama wewe ya heshima. Mimi naona ni heshima isiyo na sura: inamfaa mtu usiyemwona. Ukimwambia mzee aliye mbele yako “Anda”, umemweka mbali.

Na “mimi” je? “Saya” inafaa kila mahali, kuanzia ikulu hadi sokoni. “Aku” ni ya marafiki, nyumbani na kwenye sala. “Gue” ni ya Jakarta, na mwenzake ni “lu” au “lo”. Zishike kwa jozi: saya pamoja na Pak, Bu, Mas au Mbak; aku pamoja na kamu; gue pamoja na lu. Anayesema “gue” Yogyakarta wakati hajazaliwa Jakarta anaonekana anajidai, na mgeni mweusi kutoka Tanga anayesema “gue” ni kichekesho cha mwezi mzima. Nina ushahidi.

Hakuna shikamoo. Kuna “salim”: kijana huupokea mkono wa mzee na kuusogeza kwenye paji la uso au pua, jambo ambalo watu wa pwani hawatalishangaa. Mkono ni wa kulia daima, kupokea hata kutoa. Ukipita mbele ya wazee waliokaa, inama kidogo, shusha mkono wa kulia na useme “Permisi”.

Hatua ya tano: lugha rasmi

Lugha rasmi, “bahasa baku”, unaitambua kwa viambishi. Kiswahili kinatoa andika, andikwa, mwandishi, maandishi. Kiindonesia kutoka “tulis” kinatoa “menulis”, “ditulis”, “penulis”, “tulisan”. Kanuni ya me- inaonekana ngumu kwenye karatasi, ila mdomoni ni sauti ya pua inayolingana na herufi inayofuata: mem- mbele ya b (baca, membaca), men- mbele ya d (dengar, mendengar), meng- mbele ya irabu na g (ambil, mengambil). Halafu p, t, k na s zinamezwa: pakai inakuwa memakai, tulis menulis, kirim mengirim, sapu menyapu. Kamusi nyingi zimepangwa kwa mzizi, kwa hiyo ukilikuta “menyapu” tafuta chini ya s. Kamusi kubwa ya taifa, KBBI, ipo bure mtandaoni.

Ujumbe wa simu kwa mwalimu au bosi una umbo lake, na wanauzingatia kweli. Salamu, samahani, jina, shida, shukrani:

“Selamat pagi, Bu. Mohon maaf mengganggu waktu Ibu. Saya Juma, mahasiswa Tanzania. Apakah saya boleh menghadap Ibu hari Kamis? Terima kasih banyak, Bu.” Yaani: habari za asubuhi, mama. Samahani kwa kukusumbua. Mimi ni Juma, mwanafunzi wa Tanzania. Naweza kuja kukuona Alhamisi? Asante sana, mama.

Angalia Ibu imerudiwa mara nyingi kiasi gani. Kwetu ingeonekana kujipendekeza. Kwao ni unyoofu tu. Usitume salamu peke yake ukasubiri ujibiwe, na usiandike vifupisho vya vijana kama “yg” au “gak”.

Ukipewa nafasi ya kusema mkutanoni, usianze na hoja. Anza na salamu. Wengi husema “Assalamualaikum warahmatullahi wabarakatuh”, wakaongeza “salam sejahtera bagi kita semua” (salamu za heri kwetu sote), na katika hafla za serikali utasikia pia salamu za Wahindu na Wabudha, “Om Swastiastu” na “Namo Buddhaya”. Kisha wataje wakubwa kwa ngazi: “Yang terhormat Bapak Rektor” (mheshimiwa mkuu wa chuo), na baada yao “Bapak-bapak dan Ibu-ibu yang saya hormati” (mabwana na mabibi ninaowaheshimu). Ndipo useme lako. Unafunga kwa “Demikian yang dapat saya sampaikan. Mohon maaf jika ada kesalahan. Sekian dan terima kasih.” Yaani: hayo ndiyo niliyokuwa nayo, samahani kama kuna makosa, ni hayo tu na asanteni. Ukikariri mwanzo na mwisho huo, katikati unaweza kugugumia na bado ukapigiwa makofi.

Hatua ya sita: lugha ya mtaani

Sasa vua suti. Me- inadondoka: “Saya sedang membaca buku”, ninasoma kitabu, inakuwa “Aku lagi baca buku.” Haya mabadiliko machache yatakubeba mbali:

tidak: nggak, gak
sudah: udah
saja (tu): aja
sangat bagus (nzuri sana): bagus banget
bagaimana (vipi): gimana
mengapa (kwa nini): kenapa
seperti (kama): kayak
hanya (pekee): cuma
berbicara (kuongea): ngomong
membuat (kutengeneza): bikin
terima kasih (asante): makasih

Lakini roho ya mazungumzo iko kwenye vijineno visivyotafsirika kirahisi kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili vinatafsirika vizuri mno. “Kok” ni mbona: “Kok belum tidur?” Mbona hujalala? “Kan” ni ile si ya kukumbusha: “Kan udah aku bilang.” Si nilishakwambia. “Dong” ni basi ya kubembeleza: “Tunggu dong!” Ngoja basi! “Sih” ni kwani: “Siapa sih?” Kwani ni nani? “Lho” ni ujue: “Mahal lho.” Ni ghali ujue. “Deh” ni haya basi ya kukubali yaishe: “Ya udah deh.” Chagua kimoja kila wiki ukitumie hadi kikuchoshe. Mtu anayeweka “kok” mahali pake anaonekana amekaa nchini miaka mitano.

Hata mtaani, Pak na Bu hazivuliwi. “Nggak ada, Pak”, hakuna, ni sawa kabisa kwa mwenye duka. Kinachoudhi ni “nggak” kavu kwa mkubwa, kama nilivyofanya darasani. Mahali pale nilipaswa kusema “Maaf, Pak, saya kurang tahu”, samahani, sijui vizuri. Hiyo “kurang”, pungufu, ni hazina. Wanaitumia kulainisha kila kukataa: “kurang setuju” ni sikubaliani, “kurang enak” ni chakula kibaya. Na “nanti, ya” (baadaye) au “insya Allah” yenye tabasamu mara nyingi ni hapana, soma uso.

Hatua ya saba: sokoni, barabarani, na saa

“Berapa?” ni bei gani. Elfu mara nyingi haitajwi: ukiambiwa “lima belas”, ni rupia 15,000, si 15. “Bisa kurang, Bu?” ndiyo haipungui? yetu. Ukijibiwa “harga pas”, bei ndiyo hiyo, acha. Kwenye chakula utaulizwa “Makan di sini atau dibungkus?” Unakula hapa au nikufungie? Jakarta utasikia pia “goceng” kwa 5,000 na “ceban” kwa 10,000, maneno yaliyotoka kwa Wachina wa Hokkien. Yaelewe, si lazima uyaseme.

Kwenye “angkot”, daladala zao, hakuna kupiga kelele za “shusha!” Unasema “Kiri, Bang!” Kiri ni kushoto, magari yao yanapita kushoto kama yetu, hivyo dereva anasogea kando.

Saa itakukosesha miadi kama hukujiandaa. Wanahesabu kama mishale inavyoonyesha: “jam tujuh pagi” ni saa moja yetu ya asubuhi. Mtego mkubwa uko kwenye nusu. “Setengah delapan”, nusu nane kwa neno kwa neno, ni nusu ya kuelekea nane, yaani 7:30, saa moja na nusu kwetu. Ni desturi ya Waholanzi. Halafu “jam berapa?” ni saa ngapi, lakini “berapa jam?” ni kwa muda wa saa ngapi; kwa Kiswahili zote zinaweza kuwa “saa ngapi”, kwa hiyo shika mpangilio.

Siku nazo: Senin ni Jumatatu, Selasa Jumanne, Rabu Jumatano, Kamis Alhamisi, Jumat Ijumaa, Sabtu Jumamosi, Minggu Jumapili. Kamis na Jumat hazina shida. Tatizo ni kwamba Rabu inatokana na nne ya Kiarabu na sisi siku hiyo tunaiita ya tano. “Malam Jumat” ni Alhamisi usiku, na “malam Minggu” ni Jumamosi usiku, hesabu ile ile ya wazee wa pwani wanaosema usiku wa Ijumaa. “Tadi” na “nanti” zinaigawa siku ya leo: “tadi pagi” ni leo asubuhi iliyopita, “nanti malam” ni leo usiku ujao. Na wakikuambia “jam karet”, saa ya mpira, utajisikia nyumbani.

Hatua ya nane: mazoezi

Wiki mbili za mwanzo, sauti na maneno ya ndugu tu. Kuanzia ya tatu hadi ya sita, ishi kwa jozi za hatua ya pili, ukijitungia sentensi kumi kwa siku kwa sauti; kimya kimya hakuhesabiki. Baada ya hapo anza zoezi ambalo lilinisaidia kuliko yote. Chukua sentensi moja ya habari kutoka RRI, redio ya taifa, au TVRI, televisheni ya taifa. Irudie kama ilivyo mara tano. Kisha iseme upya kama unamhadithia rafiki: vua me-, badili tidak iwe nggak, tia “lho” au “sih”. Kesho yake fanya kinyume: chukua mazungumzo ya tamthilia, wenyewe wanaziita “sinetron”, uyavalishe suti. Baada ya miezi miwili utakuwa unabadili nguo bila kuwaza.

Ukitaka kwenda kusoma huko huko, serikali ya Indonesia ina ufadhili wa Darmasiswa kwa lugha na sanaa, ulioanza mwaka 1974, na wa KNB kwa shahada, kwa watu wa nchi zinazoendelea. Ubalozi wao uko Dar es Salaam, na mwingine Nairobi. Waulize pia kuhusu masomo ya BIPA, yaani Kiindonesia kwa wageni. Mtihani wa kupima kiwango unaitwa UKBI na una ngazi saba, ya juu ikiitwa Istimewa.

Ukifika, tafuta chumba cha “kos”, yaani cha kupanga, chenye mama mwenye nyumba anayependa kuongea. Mwambie akusahihishe: “Kalau saya salah, tolong dibetulkan, ya, Bu.” Nikikosea, nisahihishe, mama. Wengi watakuambia umeshajua vizuri, ni adabu tu, usiamini. Rudia ombi mara ya pili na ya tatu. Na jua kwamba wenyewe kwa wenyewe wataongea Kijava, Kisunda au Kibali, nawe utarudi kuwa bubu. Sema “Maaf, saya belum bisa bahasa Jawa”, samahani, bado sijui Kijava. Belum, si tidak. Watafurahi, na pengine siku hiyo hiyo utafundishwa neno la kwanza, “monggo”, ambalo ni karibu yao.